Nilidhani Moshi ni wa Kompyuta Yangu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo pua yangu huikumbuka kabla ya kichwa. Ilikuwa Jumapili mchana, Kisesa, kiangazi kimekaza, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na sita niliyekuwa nimebakiza jambo moja tu la maana duniani, kushinda gemu la mbio za magari. Nitakufikisha huko. Usinikimbize, maana umeniletea kazi ya mikono, na mimi mikono ikifanya kazi ndipo maneno nayo hunijia.

Kompyuta yako nimeshaifungua, iko hapa mezani. Imechoka lakini haijafa. Ilikuwa ya bei ya chini hata siku baba yako alipoitoa kwenye mnada wa ofisi, na leo unataka icheze magemu yaliyotoka juzi. Umekuja, umesema, "Shikamoo mjomba, naomba uitie nguvu," umeniachia orodha ya vitu uliyoiokota mtandaoni, kisha ukarudi zako Buhongwa kwenye hicho chumba chako kipya, ndani ya geti, ambako unasema kuna utulivu mpaka raha. Orodha yako si mbaya. Kimo kitu kimoja tu ambacho sitakuwekea, na kwa kuwa simu zenu hazisikilizi mzee kwa zaidi ya dakika mbili, nimeamua kukuandikia. Karatasi hizi utazikuta ndani ya boksi, juu ya mashine. Zisome kabla hujachomeka waya.

Mimi na mama yako tulizaliwa Nansio, kisiwani, hilo unalijua. Usichokijua ni jinsi nilivyokuwa mpweke nilipovuka kuja Mwanza. Nilipata kazi kwenye duka moja la stesheneri mjini, kuchapa barua za watu na kutoa fotokopi. Baba yetu mdogo alikuwa amejenga Kisesa, nje kidogo ya mji, kisha akahamishiwa kazi mbali, akaniambia nikae kwenye nyumba yake niilinde. Ilikuwa nyumba ya matofali yenye ukuta mrefu, juu ya ukuta vipande vya chupa, mbele geti la chuma, na pembeni tangi kubwa la maji lililoinuliwa juu kiasi kwamba mtaa mzima ulikuwa unaliona. Majirani wote walikuwa wamezungushia minyaa, mtu anapita akichungulia na kusalimia. Nyumba yenye ukuta ilikuwa yangu peke yake.

Kisukuma nilikuwa nakisikia nusu. Jioni watu wakikaa vikundi vikundi wakicheka, nilikuwa natabasamu dakika moja baada yao. Nikirudi ndani nasonga ugali wangu, nakaanga dagaa wangu, nakula. Ukila peke yako, mwanangu, unamaliza haraka sana, na baada ya hapo jioni inabaki ndefu.

Nilikuwa na mtu mmoja tu. Nyuma ya ukuta wangu alikaa bibi mmoja mjane, Bibi Milembe, katika kinyumba cha udongo kilichoezekwa nyasi. Kila siku alasiri alikuwa anakuja karibu na ukuta na kupaza sauti, "Faustini! We Faustini wa kisiwani! Uko mzima?" Hakuniuliza ninafanya nini wala nitaoa lini. Alitaka kujua hilo tu, kama ni mzima. Nami najibu, "Mzima, bibi, shikamoo!" Naye kwa ulimi wake wa Kisukuma anaitika, "Malahaba, mwanangu. Njoo uchukue michembe." Kama huko kwenu Buhongwa mmeshasahau, michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande vikakaushwa juani. Bibi alikuwa anavichemsha na kunipa pamoja na karanga kwenye bakuli moja la bati, na bakuli lile sikulirudisha hata siku moja bila kitu ndani, ndivyo mama alivyotulea.

Sasa kompyuta. Dukani kwetu walileta mashine mpya, na ile ya zamani kabisa bosi akaniambia nichukue kabla haijatupwa. Niliibeba mapajani kwenye gari mpaka Kisesa. Ilikuwa inaandika barua na kucheza karata, basi, na kwa miezi kadhaa hiyo ilinitosha. Halafu mwenzangu mmoja wa kazini akaanza kunisimulia gemu jipya la magari, jinsi jua linavyowaka kwenye boneti, jinsi vumbi linavyoruka ukikata kona. Nikatafuta diski yake, nikaiweka. Kioo kikawa cheusi, kikaniandikia kwa ufupi kwamba mashine hii haiwezi. Niliona kama nimetukanwa mimi.

Nikaibeba kwa Fundi Rajabu, mzee mmoja wa mjini aliyerithi kibanda cha baba yake cha kutengeneza redio akakigeuza cha kompyuta. Aliifungua, akaitazama ndani kwa muda mrefu, kisha akaniuliza ninataka icheze nini. Nikamweleza mpaka na boneti. Akanisikiliza mpaka mwisho, mzee yule alikuwa na adabu, kisha akasema:

"Kijana, kabla hujauliza itacheza nini, uliza inakula nini."

Akanionyesha lile boksi dogo la nyuma linalopokea umeme na kuugawa, pawa saplai. Akasema ile ni ya mashine ya kuandikia barua, haiwezi kulisha kadi kubwa ya picha. "Anza na hii. Kisha uongeze RAM. Kadi iwe ya mwisho. Na uache nafasi humo ndani, mashine ipumue." Nilimshukuru sana. Kisha nikaenda nikanunua kadi kwanza.

Unacheka, lakini hata wewe kwenye orodha yako umeanza na kadi. Kadi ndiyo inayoleta picha nzuri, na kijana hununua kwanza kinachoonekana. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Jioni ile magari yaling'aa kwa dakika tatu, jua likawaka kwenye boneti kama nilivyoahidiwa, halafu nyuma ya mashine pakalia *tap*, moshi mwembamba ukatoka, na chumba kikajaa harufu kali ya plastiki inayoungua. Pawa saplai ilikuwa imekufa. Tangu jioni ile niliiogopa harufu hiyo kuliko kitu chochote. Nikiwa kazini nilikuwa naikumbuka ghafla, moyo unapiga.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, nikatafuta pawa saplai kubwa. Niliipata ya mtumba, yenye nguvu kweli, lakini feni yake ilikuwa inanguruma kama mashine ya kusaga. Ikalisha kadi vizuri, kadi nayo ikaanza kupata joto, gemu likawa linaganda katikati ya mbio. Nikaondoa kifuniko cha ubavuni, nikaweka feni ya mezani ipulize tumbo la mashine. Sasa zilikuwa feni mbili zinanguruma, mlio wa magari siusikii. Nikanunua hedifoni, zile kubwa zinazofunika sikio lote kama bakuli.

Tazama hapo, mwanangu. Sioni dhambi katika lolote kati ya hayo. Kadi ilidai pawa saplai, pawa saplai ikaleta kelele, joto likaleta kelele nyingine, na kelele zikaleta hedifoni. Nilikuwa natatua shida moja baada ya nyingine kama mtu mwenye akili zake, na kila niliyoitatua ilinisogeza hatua moja ndani zaidi ya ule ukuta.

Shida iliyobaki ilikuwa Bibi Milembe. Alikuwa akiita nisisikie, anaita tena, mwishowe anazunguka mpaka getini anagonga, nami natoka nimekunja uso kwa sababu nimeacha gari langu linapitwa. Siku moja nikamwambia, kwa upole nilioudhani ni adabu, "Bibi, Jumapili usiwe unaniita. Nakuwa na kazi."

"Kazi ya Jumapili?"

"Ya kompyuta, bibi."

Akanitazama, akasema, "Haya, baba." Tangu siku ile nikawa nafunga geti kwa komeo na kufuli kila Jumapili baada ya misa. Naye hakuniita tena, Jumapili wala siku nyingine. Nimekuambia nilikuwa mpweke, na nilikuwa na sauti moja tu iliyokuwa ikiniulizia, na sauti hiyo nikaiambia inyamaze. Sijui kwa nini. Ningejua ningekwisha kukuambia, maana nimeliwaza jambo hili miaka mingi.

Basi Jumapili yenyewe. Watu walikuwa wamerudi kanisani, upepo wa ziwani ulikuwa mkali na mkavu. Bibi alikuwa anapika, cheche ikaruka kwenye nyasi za paa la jiko. Alipotoka nje na kuona, akapiga mwano.

Mwano, kwa Wasukuma, ni yowe refu la kuomba msaada, nao hawalichukulii kama kelele za kawaida. Akilipiga mmoja, anayelisikia hulipokea na kulipiga naye, mpaka mtaa mzima umetoka. Anayekula anaacha sahani, anayeoga anatoka na povu. Hutakiwi kuuliza ni nani wala kuna nini. Unakwenda na chochote ulichoshika, na ukishindwa kufanya lolote, angalau umeonekana.

Walitoka wote. Na wote, kwa kuwa wana macho, walikimbilia kwangu, maana tangi lilikuwa limejaa na lilikuwa linaonekana pale juu. Waligonga geti kwa ngumi, wakaligonga kwa mawe. Kijana mmoja wa jirani, Masanja, akajaribu kupanda ukuta, chupa zikamchana kiganja mpaka akaanguka. Wakaacha, wakakimbia na ndoo hadi kisimani, ng'ambo ya barabara kuu.

Mimi nilikuwa kwenye mzunguko wa tisa kati ya kumi, ninaongoza.

Sasa nikuambie jambo ambalo mama yako halijui. Harufu ya moshi niliisikia. Ilipita chini ya mlango, ikanifikia. Nikasimamisha gemu pale pale, nikapiga magoti sakafuni nikaweka pua kwenye pawa saplai. Nikainusa. Nikaipapasa kwa kiganja, nikagusa kadi, nikafuata waya mmoja mmoja mpaka ukutani. Kila kitu kilikuwa salama. Nikasema, "Asante Mungu." Nililisema kwa sauti na kwa moyo wote. Kisha nikaketi tena, hedifoni bado masikioni, nikamaliza mzunguko wangu.

Umeme ukakatika. Nilijua baadaye kwamba moto ulikuwa umefika kwenye waya wa umeme wa mtaa. Kioo kikazima, feni zote mbili zikasimama, nikavua hedifoni, na hapo ndipo niliposikia watu.

Nikakimbia kufungua geti. Wanaume walikuwa wamesimama na ndoo tupu, nguo zimejaa masizi. Wakanitazama, wakatazama tangi, wakanitazama tena. Bibi Milembe alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa, majivu kichwani. Hakuna aliyekufa, namshukuru Mungu kwa hilo mpaka leo. Lakini jiko lilikuwa limekwisha, paa la nyumba limekwisha, na ghala lake la mahindi na michembe ya mwaka mzima limekwisha. Nikasema, "Chukueni maji." Mzee mmoja akanijibu bila hasira yoyote, "Moto umeshashiba."

Kesho yake wazee waliniita kwenye uwanja wa kupimia pamba. Wakaniuliza swali moja, kama nilisikia mwano.

"Sikusikia," nikasema.

Ilikuwa kweli, nami nilijificha nyuma ya ukweli huo. Mzee Ng'wandu, aliyekuwa mkubwa wao, akasema, "Hatukutozi kitu. Mtu asiyesikia mwano amejitenga mwenyewe. Sisi tunamwacha huko huko aliko."

Nilidhani ni maneno tu. Asubuhi yake nikapita mbele ya kina mama kisimani nikasema shikamooni, hakuna aliyeitika. Nikamsalimia mzee mmoja aliyepanda baiskeli, akapita. Mwenye duka alikuwa anaweka kiberiti juu ya meza bila kuniangalia, anachukua hela bila kuniangalia. Vijana wa kubeba abiria kwa baiskeli walikuwa wakiniona wanageuza uso, nikawa natembea mpaka barabarani kila alfajiri. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana, mwanangu, tusi nalo ni maongezi. Shikamoo isiyoitikiwa inakurudia kifuani na kukaa hapo, na mimi zilikuwa zinakaa kumi kwa siku.

Mwanzoni nilijitia ujeuri. Nikajiambia mimi ni Mkerewe, mila zao hazinihusu, ninazo kazi na kompyuta yangu. Na kompyuta, wala sikudanganyi, ndiyo kwanza ilikuwa katika ubora wake. Haikuganda hata mara moja. Nilishinda kila mbio, nikafungua kila gari. Kila nikishinda, watu wa mle ndani ya gemu walikuwa wanasimama majukwaani wakishangilia, na mtangazaji anasema maneno ya pongezi kwa Kiingereza cha haraka. Jioni moja alipomaliza, nikamjibu, "Asante sana, ndugu." Nikajisikia mwenyewe nikisema. Nikavua hedifoni, nikalia, mtu mzima, peke yangu, na feni zikinguruma.

Sikulala vizuri wiki ile. Kilichokuwa kinanisumbua kilikuwa kingine, wala si kutengwa. Wale watu walikuwa wananitenga kwa kosa la kutosikia, na mimi nilijua kosa langu ni jingine, kubwa zaidi, na hakuna aliyelijua ila mimi.

Jumamosi moja nikatoka na spana na nyundo, nikaanza kulifungua geti kwenye bawaba zake. Kidole kimoja hakivunji chawa, na geti la chuma ndiyo kabisa. Nusu siku nilihangaika nalo, watu wanapita hawasemi, mpaka likaanguka na mshindo. Nikaliburuta hadi kwa Bibi Milembe. Alikuwa anaishi chini ya turubai, ameketi juu ya mkeka, anabangua karanga. Nikalilaza geti mbele yake, nikakaa chini kwenye vumbi.

"Shikamoo, bibi."

Akaendelea kubangua.

"Bibi, mwano kweli sikuusikia. Lakini moshi niliunusa."

Mikono yake ikasimama.

"Nilidhani ni kompyuta yangu inaungua. Nikainama nikainusa. Nilipoona ni nzima, nikaendelea kucheza."

Kuku walikuwa wanachakura kwenye majivu ya ghala. Kisha akauliza, "Hukutoka hata mlangoni?"

"Sikutoka, bibi."

"Lakini kompyuta uliinamia."

"Niliinamia."

Akalitazama lile geti, akanitazama mimi, na usoni mwake sikuona hasira, niliona amechoka. Akasema, "Mwanangu, moshi hauna mwenyewe. Ukiunusa ni wako, mpaka utoke nje uone ni wa nani." Akarudia karanga zake. Nikanyanyuka, nikaondoka nikijua nimemaliza kila nililokuwa nalo la kusema. Nilikuwa nimefika kwenye minyaa niliposikia nyuma yangu, kwa sauti ndogo:

"Malahaba."

Sikugeuka. Ningegeuka ningelia mbele yake, na alikuwa ameshabeba ya kutosha.

Kesho yake asubuhi Masanja aliingia kwangu, pale palipokuwa na geti, mkono bado umefungwa kitambaa, akajaza ndoo yake bila kuomba ruhusa na kutoka. Hivyo ndivyo nilivyojua nimerudishwa. Hapakuwa na mkutano wala hotuba. Mchana tulikuwa wote kwa bibi, wengine wanakata fito, wengine wanakandika, na mimi nabeba maji ya kukandia udongo kutoka kwenye tangi, safari ishirini, thelathini, hakuna aliyehesabu. Geti likakatwa likawa mlango wa jiko lake. Baba yetu mdogo alinigombeza kwa simu juma zima, na alikuwa na haki, geti lilikuwa lake.

Ningependa kukuambia kwamba yote yalirudi yalivyokuwa. Hayakurudi yote. Bibi Milembe alikuwa ananiitikia nikimsalimia, nikienda kwake ananipa michembe, tunacheka vizuri. Lakini hakuwahi tena kuja karibu na ukuta na kuniita. Nilingoja kila alasiri miaka yote niliyokaa pale. Nilikuwa nimemwambia asiniite, naye alikuwa mtu wa kushika neno. Alipofariki nilikuwa miongoni mwa waliochimba kaburi, na jioni ile nilirudi ndani nikakaa kimya, nikisikiliza upande wa ukuta kama mjinga.

Ndiyo hayo. Sasa nasaha, na usidhani nitakukataza magemu. Mimi mwenyewe nacheza mpaka leo, na ukija Krismasi nitakushinda. Pawa saplai nimekubadilishia kwanza, kama Fundi Rajabu alivyosema, na ukimaliza kusoma mwombee mzee yule rehema. RAM nimeongeza, ile diski inayosaga nimeitoa nimeweka SSD, na kadi nimeifunga mwisho. Feni nimekutafutia isiyo na kelele, nikakuachia nafasi mashine ipumue. Gemu lako nimelijaribu, linakwenda.

Hedifoni ulizoziandika mwisho wa orodha, zile za kuzima kila sauti ya nje, ndizo sikukununulia. Nimekuwekea spika mbili ndogo. Ukiona zina kelele kwa majirani, vizuri, itabidi uende ukawaulize, na hapo utakuwa umeshajua majina yao. Maana hukuniambia, mwanangu, wiki iliyopita nilipokuuliza chumba cha pili anakaa nani. Ulisema, "Sijui, mjomba, kuna dada mmoja hivi." Leo hii, kabla hujaitoa mashine kwenye boksi, mgongee yule dada umuulize kama ni mzima. Usimwulize zaidi ya hapo. Boresha mashine yako upendavyo, ila kila unachoongeza jiulize kinakufungia mlango gani. Mtu akizoea kukuita, usimwambie aache, maana anaweza kukutii. Na siku ukinusa moshi, usianze kuinama mezani kwako. Toka nje kwanza.

Mungu akulinde huko Buhongwa. Mashine yako ipoe, umeme wako usikatike, mikono yako iwe na baraka kuliko ya mjomba wako. Na asikosekane, siku zote za maisha yako, mtu wa kupaza sauti upande wa pili wa ukuta akakuulizia. Akikuita, itika.